Half Moon Bay au Davis: miji miwili, upepo mmoja

Wifi yangu amepata kazi mbili kwa mkupuo, zote za unesi, zote California ya Kaskazini. Moja ipo upande wa Sacramento, nyingine ipo Peninsula, kusini ya San Francisco. Mishahara inapishana, lakini ukishatoa kodi ya nyumba inakutana palepale. Akichukua ya kwanza atapanga Davis. Akichukua ya pili, kuna bibi mmoja wa Half Moon Bay niliyewahi kumhudumia ambaye yuko tayari kumpa kijumba cha uani kwa bei ya kiutu, na kwa pwani ile hiyo ni bahati ya mtende. Ana mtoto wa miaka tisa, na zamu zake ni za usiku.

"Wifi, wewe umekaa kote. Nipe jibu moja tu."

Ni kweli nimekaa kote. Davis miaka minne, kaka yake alipokuwa anasoma, kisha Half Moon Bay miaka mitatu nikihudumia wazee majumbani. Jibu moja sikuwa nalo. Nilichomwambia ni kwamba aache kwanza kulinganisha nyuzi za joto, alinganishe saa zake na saa za mji: mji gani uko macho yeye akiwa macho, na watu wake wanakutana wapi saa hizo. Mengine yote ninayoandika hapa yanatokana na hilo, na nayaandika kwa sababu najua wako wengi wanaopigiwa simu za namna hii.

Kwanza, upepo

Davis ipo bondeni, kilomita kama 20 magharibi ya Sacramento, tambarare kama sinia. Sensa ya 2020 iliwahesabu watu 66,850, na ukitoa wanafunzi wa chuo kikuu unabaki na mji mdogo kweli. Half Moon Bay ina watu 11,795 kwa sensa hiyohiyo, imebanwa kati ya Pasifiki na milima ya Santa Cruz, kilomita 45 hivi kutoka San Francisco. Kutoka mji mmoja hadi mwingine ni karibu kilomita 160, saa mbili kwa gari foleni ikikuhurumia.

Jambo lililonichukua muda kulielewa ni kwamba hali ya hewa ya miji hii ni kitu kimoja kinachoonekana kwa ncha mbili. Wakati wa kiangazi, upepo wa kaskazini-magharibi husukuma maji ya juu ya bahari yatoke pwani, na maji ya chini, ya baridi kali, hupanda kushika nafasi yake. Hewa yenye unyevu ikipita juu ya maji hayo inapoa na kuwa ukungu. Huku bondeni jua linaichoma ardhi tangu asubuhi, hewa inapaa, na bonde zima linaanza kuivuta hewa ya bahari kama mtu anayenyonya mrija. Milima ya pwani inaziba njia, isipokuwa penye mwanya: ule mlango wa Carquinez, mito ya Sacramento na San Joaquin inapopita kuingia ghubani. Hapo upepo unapenya, unapita juu ya visiwa na matete ya Delta, yaani zile nyanda za maji mito hiyo miwili inapokutana, na jioni unafika Davis. Wenyeji wanauita upepo wa Delta, na wanautaja kwa mapenzi kama mtu anavyomtaja mjomba anayeleta zawadi.

Maana yake ni kwamba ukungu uleule unaomnunisha mtu wa Half Moon Bay mchana kutwa, ndiyo hewa inayokuja kumpoza mtu wa Davis usiku. Siku pwani iking'aa bila wingu mwezi wa saba, jua Davis kunaungua.

Kanga kwenye kamba

Kwa takwimu: Davis mwezi Julai wastani wa joto la mchana ni kama nyuzi 34, na usiku hushuka hadi 14 hivi. Half Moon Bay mwezi huohuo mchana ni 18 au 19, usiku 11 au 12. Januari Davis mchana ni 12 au 13, pwani ni 14 au 15. Yaani pwani hakuna kiangazi wala kipupwe cha kusema. Kuna hali moja ya sweta, inayopanda kidogo na kushuka kidogo mwaka mzima.

Lakini namba hizi hazikuambii kitu mpaka ufue. Davis, mwezi wa sita, nilikuwa naanika kanga, naingia ndani kuweka chai jikoni, na chai ikichemka kanga imekauka, imekakamaa kama karatasi. Half Moon Bay nilianika kanga Jumamosi asubuhi, nikaianua Jumatatu ikiwa na majimaji kuliko nilivyoiweka. Nilijaribu tena wiki iliyofuata kwa ubishi. Mwisho nikanunua mashine ya kukaushia, kifaa ambacho bondeni kilikuwa kinakaa tu kama pambo.

Kiswahili kina neno moja, ukungu, kwa ule wa hewani na kwa ule mweusi unaoota ukutani. Sikuwahi kufikiria kwa nini mpaka nilipohamia pwani ile. Viatu vya ngozi vilivyokaa kabatini miezi miwili vilitoka na manyoya. Nyuma ya kitanda, ukuta unaotazama bahari, nilikuwa naupangusa kwa siki kila mwezi. Ukienda kuangalia nyumba Half Moon Bay, usikodolee macho mandhari ya bahari. Vuta kabati, nusa nyuma yake, fungua droo ya chini jikoni. Chumba kilichopakwa rangi mpya kona moja tu kina siri.

Halafu kuna jambo linalowavuruga wageni wote: miezi mizuri ya pwani ni Septemba na Oktoba, watoto wakiwa wamesharudi shule. Mwezi wa saba, familia zinatoka bondeni na kaptura na vikapu vya ufukweni, zinapanda barabara ya 92, na pale juu mlimani, kwenye njia panda ya Skyline, zinaona chini hakuna bahari. Kuna blanketi jeupe limejaa mpaka kwenye mabega ya milima. Nusu saa baadaye utawaona hao hao Main Street wananunua masweta yenye jina la mji. Nafikiri nusu ya uchumi wa masweta ya Half Moon Bay unaendeshwa na watu wa Davis, ingawa hilo ni langu mwenyewe.

Bahari yenyewe, kwa mtu aliyekulia Tanga au Mombasa, ni ya kutazama tu. Maji ni ya nyuzi 11 hadi 14. Wanaoingia wanavaa mpira mwili mzima. Kwenye mawimbi ya Mavericks, karibu na bandari ya Pillar Point, wapo wanaoteleza juu ya ukuta wa maji wenye kimo cha ghorofa kadhaa, na nimekwenda kuwatazama mara moja kutoka mbali, mikono mfukoni, nikamshukuru Mungu kwa kunipa woga.

Joto la Davis, na saa tatu usiku

Sasa tuseme ukweli kuhusu bonde. Nyuzi 34 za Davis ni kavu. Mtu wa Dar es Salaam ataona ni nafuu kuliko 31 za Februari kwao, kwa sababu jasho halikai mwilini. Shida ni zile siku za 40 na zaidi, ambazo kila kiangazi zinakuja kwa mafungu ya siku tatu, nne, tano. Tarehe 6 Septemba 2022 Sacramento ilifika nyuzi 46.7, rekodi yake ya siku zote. Siku kama hizo hata kufunga mkanda wa gari ni kazi, kile chuma kinakuunguza kidole. Mtoto haendi kucheza nje. Unalipa umeme wa kiyoyozi ukikunja uso.

Ila siku za kawaida, ambazo ndizo nyingi, zina utaratibu wake, na utaratibu huo ndio ulionipa majirani. Asubuhi saa mbili unafunga madirisha yote na kushusha mapazia. Nyumba inakuwa pango. Jioni unasubiri. Kama saa mbili na nusu, saa tatu usiku, majani ya miti yanaanza kutikisika, na hapo unasikia mtaa mzima: kra, kra, kra, madirisha yanafunguliwa nyumba baada ya nyumba. Feni zinawekwa dirishani kuvuta hewa. Kisha watu wanatoka. Wanakaa kwenye ngazi za mbele, watoto wanachukua baiskeli zao, mzee wa nyumba ya pili anamwagilia nyanya zake. Kwa mwaka mzima wa kwanza sikumfahamu hata mtu mmoja kwa jina. Kiangazi cha pili nilijua nyumba saba, zote kwa sababu ya dirisha.

Chumba cha kulala ndicho cha kuchunguza. Dirisha likitazama magharibi bila mti, jua la saa kumi linaingia na kukaa humo mpaka usiku wa manane. Wenye uzoefu Davis huuliza hilo kabla ya kuuliza kodi.

Baridi nayo ina ukungu wake, na wala haufanani na ule wa pwani. Wanauita ukungu wa tule, kwa jina la matete ya mabwawani. Mvua ikishanyesha, usiku ukiwa mtulivu na wazi, ardhi yenye maji inapoa na ukungu unazaliwa hapohapo chini, unakaa bondeni siku mbili tatu bila kuondoka. Kuna asubuhi za Desemba na Januari ambapo huoni taa za gari lililo mbele yako, na barabara kuu inaua watu. Mvua ya Davis, kama milimita 480 kwa mwaka, nyingi yake inakuja kati ya Novemba na Machi. Pwani inapata zaidi ya hapo. Kiangazi miji yote miwili haioni tone.

Moshi ni neno lingine la kujifunza kabla ya kuhamia popote California. Novemba 2018 mji wa Paradise ulipoteketea, moshi ulishuka bondeni mpaka chuo kikuu cha Davis kikasitisha masomo, nasi tukavaa barakoa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya dunia nzima. Pwani upepo wa bahari hukusaidia siku nyingi, lakini usidhani umepona: Agosti 2020 moto ulioanzishwa na radi kwenye milima ya Santa Cruz uliwakimbiza watu wa Pescadero na La Honda, jirani kabisa, na wengi wakajihifadhi Half Moon Bay. Mwezi uliofuata, tarehe 9 Septemba, anga ya eneo lote la San Francisco ikawa ya rangi ya chungwa mchana kutwa. Moshi ulikuwa umekaa juu ya ukungu, na huko chini hewa ilivutika. Ukungu ulikinga watu kama mwavuli.

Davis wanakutana wapi

Barabarani, kwanza. Mwaka 1967 Davis ilichora njia za baiskeli barabarani kabla ya mji mwingine wowote Marekani, na tangu hapo imejenga vichochoro vya kijani vinavyopita nyuma ya nyumba na chini ya barabara kubwa. Mtoto wa miaka tisa anaweza kwenda shule kwa baiskeli bila kuvuka barabara ya hatari. Hili kwa mama anayerudi kutoka zamu ya usiku saa mbili asubuhi na macho mekundu, ni msaada kuliko shangazi. Ukiwa kwenye baiskeli unasalimia watu, na gari halina salamu. Mabasi ya Unitrans yanaendeshwa na wanafunzi wenyewe tangu 1968, na yapo mpaka leo yale ya ghorofa mbili yaliyoletwa kutoka London, watoto wanagombea kukaa juu mbele.

Pili, soko la wakulima, Jumamosi asubuhi na Jumatano, kwenye bustani ya Central Park. Lipo tangu 1976. Bei ni za juu kuliko supamaketi, sitaki kukudanganya, na mara nyingi watu hawaendi kununua. Wanaenda kuonana. Hapo nilipata fundi wa kushona, mwalimu wa kuogelea wa watoto, na mama mmoja wa Kikongo aliyenielekeza duka la Sacramento lenye unga wa sembe na dagaa.

Mwezi wa nne kuna Picnic Day ya chuo kikuu, iliyoanza 1909. Mji unafurika. Kuna mbio za vijibwa vya miguu mifupi, na kuna ng'ombe mwenye tundu ubavuni lenye kizibo, unavaa glavu ndefu unaingiza mkono tumboni mwake, unashika nyasi za moto. Mwanangu alisimulia habari hiyo kwa bibi yake kwa simu, na bibi yake akaniomba nimchunguze mtoto kama ana homa.

Chuo hicho kina uhusiano wa kweli na kwetu. Wataalamu wake wa mifugo wameshirikiana miaka mingi na Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kwenye mradi wa afya ya mifugo, wanyamapori na watu kule Ruaha, nao wakaupa jina HALI. Unaweza kukutana na mzungu foleni ya kahawa akakuuliza habari za Iringa, na akajua kusema "nzuri" kabla hujamalizia. Waafrika Mashariki wapo, wengi wao wanafunzi na familia zao. Na hapo ndipo penye udhaifu wa Davis: watu wanaondoka. Mwezi wa sita digrii zinatolewa, na rafiki uliyempata kwa miaka miwili anafungasha. Kila Septemba unaanza upya na sura ngeni. Majirani wa kudumu ni wale wenye nyumba zao, na urafiki wao hauji haraka. Una tabasamu pana na mlango mwembamba.

Kasoro nyingine ya Davis ni harufu. Kaunti ya Yolo inalima nyanya za viwandani kwa wingi wa kutisha, na kuanzia Julai malori ya nyanya yanapita usiku na mchana. Kwenye kona kali utakuta nyanya zimemwagika, zimepondwa, na kwenye joto lile mtaa unanuka mchuzi. Wengine wanalalamika. Mimi nilikuwa nasikia njaa.

Half Moon Bay wanakutana wapi

Pwani watu wanakutana kwa sababu hawana pengine pa kwenda. Barabara za kuingia ni mbili, ya 1 inayofuata bahari na ya 92 inayovuka mlima. Ikifungwa moja, mji unabaki na pumzi ya pua moja. Barabara ya 1 ilikuwa inaporomoka baharini kila mara pale Devil's Slide, na mwaka 1995 na tena 2006 ilifungwa kwa miezi. Serikali ya jimbo ilitaka kujenga barabara kubwa juu ya mlima wa Montara. Wananchi walikataa, wakapiga kura 1996 wakitaka handaki, na handaki likafunguliwa 2013. Barabara ya zamani sasa ni njia ya kutembea kwa miguu. Ukimuuliza mzee yeyote wa pale kuhusu kura ile, keti chini, hutaondoka mapema.

Januari 2023 mvua kubwa zilitoboa shimo kwenye barabara ya 92. Nilikuwa nahudumia wazee watatu nyumba tofauti, na wenzangu wawili walikuwa wanaishi upande wa pili wa mlima. Wiki hiyo jirani mmoja mvuvi alinipeleka kazini kwa gari lake, mwingine alimchukua mwanangu shule, na mama wa duka la mikate aliniwekea mkate bila kuombwa. Davis ningesaidiwa pia, lakini ningelazimika kuomba. Pale walijua nani yuko wapi.

Siku chache baadaye, tarehe 23 Januari, wafanyakazi saba waliuawa kwa risasi kwenye mashamba mawili ya uyoga pale mjini. Walikuwa watu wenye asili ya China na Mexico. Nilikwenda kwenye mkesha katikati ya mji na mishumaa, watu wanaomba kwa Kihispania, Kichina na Kiingereza, na shirika la ALAS, linalohudumia Walatino wa pwani, likipanga chakula na wanasihi. Lakini msiba huo ulionyesha pia kitu ambacho mji ulikuwa unapita kando yake kila siku: wapo wakulima waliokuwa wanaishi kwenye makontena na karavani, mita chache kutoka barabarani. Mji unaomjua kila mtu ulikuwa haujui hilo, au ulikuwa unajua na kunyamaza. Nyumba 40 za wafanyakazi wazee wa mashambani, pale Kelly Avenue, zilipata kibali 2024 baada ya mabishano marefu na shinikizo la serikali ya jimbo. Kwa hiyo mtu akikwambia Half Moon Bay ni familia moja, mkubalie, kisha muulize nani anakula mezani na nani anakula jikoni.

Pamoja na hayo, siku ya Pentekoste utakula bure. Jumuiya ya Wareno, waliotoka visiwa vya Azores kuja kuvua na kulima, wanafanya sikukuu yao ya Roho Mtakatifu kwa maandamano, mabinti wamevaa majoho marefu na taji, na baadaye kila anayefika anapewa supu ya nyama iliyomwagwa juu ya mkate wenye majani ya nanaa. Hakuna anayeulizwa kadi. Nilipoingia mara ya kwanza nilisita mlangoni, mama mmoja akanishika mkono kama ananifahamu, akanikalisha. Nilijiona niko maulidini.

Oktoba kuna tamasha la maboga, lililoanza 1971, na kabla yake kuna siku ya kupima maboga makubwa. Lile la 2023 lililetwa na mkulima kutoka Minnesota, likafika kilo 1,247, rekodi ya dunia wakati huo. Boga zito kama gari dogo linanyanyuliwa kwa mashine, na watu wazima wanashangilia. Wikiendi ya tamasha lenyewe, wenyeji wananunua mahitaji Alhamisi na hawatoki tena mpaka Jumatatu, kwa sababu barabara ya 92 inasimama kabisa.

Bandarini Pillar Point unanunua kaa kwenye boti, kwa mvuvi mwenyewe, msimu ukifunguliwa. Miaka ya karibuni umekuwa ukichelewa ili nyangumi wasinase kwenye kamba, na uvuvi wa samoni wa biashara ulifungwa California nzima 2023, 2024 na 2025. Usiwaulize wavuvi habari hizo asubuhi.

Watu wanaozungumza Kiswahili? Kwa miaka mitatu nilimpata mmoja, Mkenya anayepita kupeleka mizigo. Ukitaka kanisa la kwetu, pilau ya harusi au unga, unavuka mlima, na kurudi usiku kwenye ukungu ule, kona kwa kona, kunakufanya useme "nitaenda wiki ijayo".

Kodi, kwa kifupi

Miji yote miwili inajipenda kiasi cha kufunga mlango. Half Moon Bay ilipitisha sheria 1999 inayobana ukuaji wake karibu na asilimia moja kwa mwaka. Davis tangu 2000 haiwezi kugeuza shamba kuwa nyumba bila wananchi kupiga kura, nao wamezoea kupiga ya hapana. Matokeo ni nyumba chache na bei za juu. Pwani nyumba ya kawaida ya familia inavuka dola milioni moja bila aibu. Davis ni nafuu kuliko hapo, na haistahili kuitwa nafuu. Vyumba vya Davis vinatafutwa kuanzia Januari kwa ajili ya Septemba. Ukifika mwezi wa nane unaokota mabaki.

Kwa mtu wa aina gani

Mtu mzima peke yake, asiyevumilia joto, anayependa watu wachache anaowajua mpaka majina ya mbwa wao, aende pwani asiangalie nyuma. Mwenye pumu inayochokozwa na ukungu wa ukutani asiende. Mwenye watoto wa shule na gari moja, au hana gari kabisa, Davis, bila kusita, maana kuna na treni ya kwenda Sacramento na upande wa Oakland. Mwenye mzazi mzee anayekuja kukaa miezi sita kutoka nyumbani, namshauri amlete Davis kuanzia Aprili hadi Juni. Mama mkwe wangu, yaani mama yake huyo wifi, alikaa nasi pwani Julai nzima akiwa amejifunika mablanketi mawili, akiuliza kila asubuhi kama jua la Marekani limeharibika.

Wifi mwenyewe ni kesi ngumu. Analala mchana, na usingizi wa mchana wa pwani, kwenye kijivu kile cha nyuzi 17 na honi ya ukungu ikilia bandarini, ni mtamu usioelezeka. Davis Julai saa nane mchana utalala kwa nguvu ya kiyoyozi. Kwa upande huo pwani inashinda wazi. Lakini anaamka saa kumi na moja jioni, na saa hiyo Half Moon Bay inafunga. Maduka yanazima taa, watu wameingia ndani, upepo unakata masikio. Davis saa hiyo ndiyo kwanza wanaanza kunyoosha shingo wakisubiri Delta. Siku asizokuwa zamu, mji ungekuwa macho pamoja naye. Na mtoto angekuwa na baiskeli.

Nilimshauri aende akaone mwenyewe, na asiende Oktoba, mwezi ambao pwani inavaa nguo za harusi. Alikwenda wiki ya tatu ya Julai. Alilala Half Moon Bay siku mbili, akanitumia picha ya kanga yangu ya zamani niliyomwachia, ipo kwenye kamba ya yule bibi, imelowa. Kisha akaenda Davis siku mbili, nyuzi 39, akanitumia picha ya mtoto akila aiskrimu saa tatu na nusu usiku barabarani na watoto ambao hata majina yao hajui.

Jana amenipigia. Hakutaja mshahara wala kodi. Ameniuliza, "Wifi, hicho chumba cha ghorofa ya pili pale mtaani kwenu kwa zamani, dirisha lake linatazama wapi?"

Nikamwambia kaskazini, na kuna mwaloni mbele yake.